Je, wajua kwa nini mkulima humwaga kuvu shambani mwake?

Ukipita kwenye shamba la mahindi lililobakiza wiki mbili au tatu litoe mbelewele, huenda ukakuta punje za mtama za rangi ya buluu zimetapakaa chini, katikati ya mistari. Mtama huo umepakwa vimelea vya kuvu, na mwenye shamba ameununua kwa fedha zake ili kuvu iote humo humo. Anachokikimbia ni sumukuvu.

Sumu hii si ya kuchezea. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, walirekodiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 ikaingia Dodoma na Manyara, ikaondoka na watu wapatao 20. Matumbo yalijaa, macho yakageuka manjano, ini likashindwa kazi. Walikula ugali, chakula cha kila siku, na hapo ndipo panaponiuma: kupika hakuiondoi sumu hii, na punje inayong'aa kwa usafi inaweza kuwa nayo. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka haanguki leo wala kesho, lakini anajiweka kwenye hatari ya saratani ya ini.

Inayoitengeneza ni kuvu iitwayo Aspergillus flavus, mkazi wa udongoni. Mvua zikikatika mahindi yakiwa yanajaza punje, mmea ukadhoofika na wadudu wakatoboa gunzi, kuvu hupata mlango. Karanga ndiyo kabisa, maana hukomaa ndani ya udongo huo huo. Ndiyo sababu mama anayeanika mahindi yake vizuri juu ya turubai bado anaweza kuyaingiza ghalani yakiwa tayari na sumu ya shambani.

Sasa, ndani ya Aspergillus flavus zipo koo nyingi, na si zote zinazotengeneza sumu. Nyingine vinasaba vyake vya kazi hiyo vina hitilafu: zinaota, zinakula, zinazaana, lakini sumu hazitoi. Peter Cotty, mtafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, alilitumia jambo hilo kwenye mashamba ya pamba ya Arizona. Baadaye wizara hiyo ikashirikiana na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye makao yake Nigeria, na ikapatikana bidhaa iitwayo Aflasafe. Koo zinazotumika hutafutwa katika nchi husika, kwa sababu zinatakiwa ziwe zimeshazoea udongo na hali ya hewa ya hapo. Kenya ina Aflasafe yake, KE01. Tanzania ina TZ01 na TZ02, zilizosajiliwa mwaka 2018.

Wapo watakaosema dawa ya moto ni moto. Lakini kuvu hii njema haiiui ile mbaya. Fikiria sinia la pilau ambalo watu wameshalizunguka bega kwa bega: anayechelewa hana pa kupitisha mkono. Kuvu isiyo na sumu inapewa nafasi ya kutangulia. Ikikuta udongo una unyevu, huota juu ya ule mtama, ambao ndio chakula chake cha kuanzia, kisha upepo na wadudu huisambaza hadi kwenye mahindi. Ile yenye sumu ikifika, gunzi lina wenyewe. Majaribio katika nchi kadhaa za Afrika yameonyesha sumu ikipungua mara nyingi kwa asilimia 80 au zaidi, na ulinzi huo huendelea hadi ghalani kwa kuwa kuvu njema huvunwa pamoja na punje.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Kilo 4 kwa ekari, unatupa kwa mkono huku unatembea, ardhi ikiwa na unyevu. Mtama umeshapitishwa kwenye joto ili usiote, na ile buluu ni ya kumwonya mtu asije akaudhani chakula. Ukichelewa mpaka mahindi yamekwisha kuchanua, sinia lina wengine tayari. Tena usidhani umemaliza kila kitu: fumonisini, sumu nyingine ya mahindi, hutoka kwa kuvu za jamii tofauti kabisa, na kukausha vizuri bado ni lazima.

Ugumu ninaouona mkubwa zaidi uko sokoni. Gunia lililokingwa na lisilokingwa yanafanana kwa macho, na mnunuzi asiyepima hulipa bei ile ile, hivyo gharama inabaki kwa mkulima peke yake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Kwa wafanyabiashara wa mpakani, sumu isiyoonekana ikawa imeandikwa kwenye karatasi.