Capoeira: teke linaweza kuwa swali

Hadithi inayopendwa kuliko zote kuhusu capoeira, mchezo wa Brazil unaochanganya mapigano, ngoma na muziki, ni kwamba watumwa wa Brazil walijifanya wanacheza ngoma ili mabwana zao wasijue kuwa wanajifunza kupigana. Kumbukumbu haziiungi mkono. Polisi wa Rio de Janeiro waliwakamata na kuwachapa viboko wachezaji wake tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na sheria ya mwaka 1890, miaka 2 baada ya utumwa kukomeshwa, iliipiga marufuku kwa kuitaja jina. Watawala walijua wanachokitazama. Mchoro wa msanii Mjerumani Rugendas uliochapishwa mwaka 1835 unaonyesha wanaume wawili wakikabiliana huku mpiga ngoma akiwa kando yao. Ngoma haikuwa pazia la kufichia mapigano. Ilikuwa sehemu ya mchezo wenyewe.

Wapo pia wanaodhani anayempiga mwenzake ndiye mshindi. Hapa ndipo watu wanapoikosea zaidi. Wachezaji huchuchumaa mbele ya berimbau, ala ya muziki yenye umbo la upinde na uzi mmoja, hupeana mikono, kisha huingia katikati ya duara. Mmoja akizungusha kisigino usawa wa kichwa, mwenzake hakingi kwa mkono: anainama, anapita chini ya mguu ule, na pale pale alipoinamia ndipo anapoanzia jibu lake. Ni kama malumbano ya washairi, ambapo beti lako lazima lishike la mwenzako. Teke lililosimamishwa karibu na shavu limeshasema yote: nilikuona, nimekuachia. Katika mtindo wa capoeira uitwao Angola kuna chamada: mchezaji husimama ghafla na kunyoosha mikono, mwenzake husogea kwa tahadhari, hugusana naye, kisha hutembea pamoja hatua chache. Ni mwaliko, na unaweza kuwa mtego.

Muziki nao si pambo. Gunga, berimbau yenye sauti nzito kuliko zote, ndiyo huamua kasi na hata kuwaita wachezaji warudi mchezo unapochafuka. Mdundo uitwao Cavalaria huhusishwa na onyo la kuja kwa polisi wa farasi.

Na wanaosema ni mchezo wa vijana wenye misuli wamsome João Pequeno wa mji wa Salvador, Brazil, aliyezaliwa mwaka 1917 na aliyekuwa mwanafunzi wa Mestre (yaani mwalimu) Pastinha. Alipita umri wa miaka 80 akiwa bado anaingia kwenye duara na kucheza.