Pichi la nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Linalosemwa kwa uhakika kuliko yote ni kwamba nektarini ni pichi lililochanganywa na plamu. Ngozi yake laini inayong'aa ndiyo inayowadanganya watu. Nektarini ni pichi lisilo na manyoya, basi. Tofauti yao inatokana na jeni moja tu, ndiyo maana mara mojamoja tawi la mpichi wa kawaida huzaa nektarini huku matawi mengine yakiendelea na mapichi yenye manyoya. Utunzaji ni uleule, ila nektarini huchubuka na kuoza upesi zaidi. Anayeanza namshauri aanze na pichi.

"Hilo ni tunda la Ulaya, huku kwetu halikubali." Asili yake ni Uchina, na milima ya Usambara, Njombe na Limuru imekuwa ikilizaa miaka nenda rudi. Wapo pia waliokwenda upande wa pili wakaamini kwamba popote penye asubuhi ya kuvaa sweta panatosha. Hapo ndipo pesa nyingi za miche hupotelea. Mpichi ni mti unaopumzika: hupukutisha majani, na macho yake, yaani vichipukizi vya majani na maua, hayafumbuki vizuri mpaka yamepata kiasi fulani cha baridi. Wataalamu huhesabu saa ambazo joto huwa chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi. Elberta, aina maarufu ya zamani ya Marekani, huhitaji saa zipatazo 800, kiasi ambacho hata Limuru hakipatikani. Flordaprince, iliyozalishwa Chuo Kikuu cha Florida, hutosheka na kama 150. Baridi isipotosha, mti haufi. Huchanua maua machache leo na machache mwezi ujao, majani huota kwenye ncha tu, na katikati tawi hubaki uchi. Mwenye mti hudhani umelogwa au umekosa mbolea, anaumwagia samadi. Kwenye nyanda za juu za tropiki wakulima husaidia mti upumzike kwa kupunguza maji baada ya mavuno na kunyofoa majani kwa mkono, ili macho yaamke kwa pamoja. Hata hivyo swali la kwanza kwa muuza miche liwe jina la aina. Akikujibu "pichi tu", nenda kwingine.

Kwamba lazima upande miti miwili ndipo uzae, hapana. Aina nyingi hujichavusha zenyewe. Na kwamba kokwa ya pichi tamu itakupa pichi lilelile, huenda, huenda isiwe. Mche wa kubebesha, yaani ulioungwa kwa kitawi cha aina unayoitaka, una uhakika zaidi.

Sasa kisu. Watu wengi huona uchungu kukata tawi lenye afya, na kauli ya "mti wa matunda haukatwi" imeua mipichi mingi kuliko ukame. Mpichi huzaa kwenye vitawi vilivyoota msimu uliopita tu. Tawi lililokwisha kuzaa halizai tena mahali palepale. Usipopogoa, vitawi vipya huota juu zaidi kila mwaka, na baada ya misimu michache mavuno yako yako juu ambako hata ngazi haifiki, kivuli kimeua matawi ya chini. Ndiyo maana mpichi hupogolewa kwa ukali kuliko mwembe au mparachichi: kila mwaka, katikati paachwe wazi jua lipenye, matawi makuu matatu au manne yakitanuka pembeni.

Uchungu huo huo hujirudia wakati matunda yakiwa madogo. Tawi limejaa vipichi, mwenye shamba anashukuru Mungu na kuwaita majirani waje waone. Mti hauna uwezo wa kuvilea vyote. Kila tunda huhitaji majani kama 30 hadi 40 ya kulilisha. Ukiviacha vyote utapata kokwa zilizovikwa ngozi, na tawi litapasuka kwa uzito. Vikifikia ukubwa wa gololi, kabla kokwa haijakomaa, punguza mpaka kati ya tunda na tunda pawe na sentimita 15 au zaidi. Utaona ardhi imejaa matunda mabichi na roho itakuuma. Endelea tu.

Majani yanayojikunja na kuvimba kama yameungua, yenye rangi nyekundu, ni ukungu. Kupulizia dawa wakati huo ni kupoteza hela, maana umeshaingia ndani ya jani. Dawa yenye shaba hupigwa mti ukiwa hauna majani, kabla macho hayajafumbuka.

Kwenye kuvuna, wekundu ndio unaodanganya zaidi. Wekundu huletwa na jua pamoja na aina ya mti; nektarini inaweza kuwa nyekundu wiki kadhaa kabla ya kuiva. Geuza tunda uangalie upande usiopigwa na jua, hasa karibu na kikonyo. Pale rangi ya kijani ikigeuka njano, au kuwa kama maziwa kwa aina nyeupe, limekaribia. Lishike kwa kiganja kizima, usilibonyeze kwa kidole gumba, maana alama ya gumba hugeuka doa jeusi kesho yake. Lililoiva huachia kwa kulizungusha kidogo, likibisha, liache. Mti mmoja huvunwa kwa awamu, si siku moja.

"Nitalichuma bichi liivie ndani." Litalainika, ndiyo, lakini sukari haiongezeki tena baada ya kuchumwa. Tena wiki za mwisho mtini ndizo tunda linapopata sehemu kubwa ya uzito wake, kwa hiyo anayewahi hupoteza utamu na kilo pia.

Wanaowahi wana sababu yao, nayo ni funza. Huambiwa kwamba funza huletwa na mvua au hujitokeza tunda likiiva sana. Hutoka kwenye mayai ya nzi wa matunda, anayetoboa ngozi na kutaga ndani. Mmoja wao, *Bactrocera dorsalis* kutoka Asia, alionekana Kenya mwaka 2003 akaenea upesi. Funza hutoka ndani ya tunda lililoanguka wakaingia udongoni, kisha huibuka nzi wapya. Okota matunda yote yaliyoanguka, yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uuache juani siku kadhaa. Mitego ya harufu inayouzwa madukani mara nyingi hunasa madume tu, hivyo haitoshi peke yake. Kwa mti mmoja wa nyumbani, kulivika kila tunda mfuko wa karatasi kunalipa.

Na jokofu si rafiki wa pichi gumu. Likikaa humo siku nyingi kabla ya kulainika, nyama yake huwa kama unga uliolowa, haina maji. Liache mezani, kikonyo kikitazama chini, mpaka linukie. Hapo ndipo liingie kwenye ubaridi, na liliwe ndani ya siku chache.