A- Peke Yake Haimwingizi Mtu Udaktari

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakitoka tu, simu yangu hapa Malindi haipoi. Swali ni lile lile: "Mwalimu, mtoto kapata A-. Udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi ataingia?" Nami hujibu: nitumie picha ya karatasi ya matokeo, masomo yote saba yaonekane, ndipo tuzungumze. Gredi ya wastani kazi yake ni kukufikisha kwenye shahada, na hapo C+ yatosha. Nani anaingia kozi gani, hilo huamuliwa na pointi za klasta.

Klasta ni masomo manne ambayo kozi inayatazama. Udaktari hutazama Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, kisha Kiingereza au Kiswahili. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, hivyo hivyo mpaka E yenye 1. Masomo manne hayazidi 48, yote saba hayazidi 84. Ukitaka kukadiria, gawanya pointi za klasta kwa 48, gawanya jumla ya masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuseme wasichana wawili wamekaa dawati moja, kila mmoja ana 76 kati ya 84. Wote A-. Wa kwanza ana A ya Hisabati na ya Kiswahili, A- ya Biolojia, B+ ya Kemia. Hiyo ni 45, na klasta yake inakuja kama 44.2. Mwenzake ana A ya Kiswahili, B+ ya Biolojia na ya Hisabati, B ya Kemia: 41. Pointi zake nyingine kazivuna kwenye Dini, Historia na Kiingereza, na udaktari hauzihesabu katika yale manne. Yeye anapata kama 42.2. Nyumbani watapikiwa pilau ile ile, lakini KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, hupanga watu kwa desimali tatu, na katikati ya pointi mbili hapo pana umati.

Hesabu hii ni ya mkononi, haitalingana sawasawa na yao. Tovuti ya KUCCPS ikifunguliwa, ingia kwenye akaunti ya mwanafunzi usome pointi walizompa wao.

Sasa ile alama ya mwisho ya mwaka jana, ambayo wazazi huishika kama kwamba ni sheria. Hakuna aliyeipanga. Ni pointi za mtu wa mwisho kupata nafasi, basi. Ni kama bei ya nguru ya jana pale ufukweni: leo yategemea madau mangapi yamerudi na wanunuzi wangapi wamesimama. Waombaji wakiongezeka au chuo kikipunguza nafasi, inapanda. Kwa hiyo mimi hutazama miaka kadhaa. Mtoto akiwa juu ya ile kubwa kuliko zote, namwambia aombe bila wasiwasi. Akiwa katikati, ni pata potea. Akiwa chini ya zote, chaguo hilo ni la kujifurahisha, na mzazi namweleza hivyo hivyo ingawa hapendi.

Vyuo vya Marekani kama Harvard sivikadirii kabisa. Huko hakuna klasta. Wanasoma insha, barua za walimu na mengineyo, na wanaokubaliwa hawafiki 5 katika kila 100.

Ninapogombana na wazazi ni kwenye machaguo ya chini. Mtu ana 42.2 na amejaza udaktari kila mstari, akibadilisha chuo tu. Anza na udaktari ukitaka, lakini shuka: weka uuguzi, Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi wanao, kisha kozi ya sayansi ambayo mtoto mwenyewe ataisoma bila kununa. Na mkienda saiba, duka la intaneti, kujaza, msimwachie kijana wa kompyuta. Kozi zenye majina yanayofanana zina misimbo (namba za kozi) tofauti, tena kwa kila chuo. Someni msimbo wenyewe kabla hajabonyeza kutuma.