Pesa ya barabara za tao Nakuru inatoka wapi, na mbona mtaro ndio husahaulika

Watu wakijua mimi ni mpangaji miji huwa wananiuliza swali moja tu, mbona kaunti isichukue pesa itengeneze barabara zote za katikati ya tao mara moja tumalizane na hii maneno. Na mimi huwaambia hakuna pesa moja inakaa mahali inangoja. Kuna pesa za aina tofauti, kila aina ina mwenyewe na masharti yake, na mara nyingi ukiona barabara imekaa vibaya si kwamba pesa haikuja, ni vile ile iliyokuja haikuwa ya kununua kitu hiyo barabara ilikuwa inahitaji.

Chukua ile ya mafuta kwanza. Kila lita ya petroli ama dizeli unayoweka unalipa ushuru wa kutunza barabara, ilikuwa shilingi 18, tangu Julai 2024 ikawa 25. Hiyo kazi yake ni kutunza, yaani kuziba mashimo, kuzibua mitaro, kupaka mistari, na serikali za kaunti na ile ya kitaifa zimevutana juu yake mpaka kortini. Huwezi kuitegemea ati ujengee watu njia mpya ya miguu na taa na miti.

Alafu kuna pesa ya programu. Ile ya Benki ya Dunia ya kusaidia miji, KUSP, iliidhinishwa 2017 ikiwa na dola milioni 300, ikafikia miji 59 kwa kaunti 45, zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Hii ilikuja na masharti ambayo kusema ukweli mimi niliyapenda: lazima mji uwe na bodi yake, uwe na hati yake, uwe na mpango ulioandikwa, kisha unapimwa ndio upate. Shida ni moja, pesa ya aina hii inapenda vitu vipya vya kuonekana. Kabro, yaani yale matofali ya saruji yanayopangwa njiani, taa, bustani. Miaka mitatu baadaye taa ikizima hiyo programu haiko tena ya kubadilisha balbu.

Inabaki pesa ya kaunti yenyewe, mgao kutoka Nairobi pamoja na pakingi, leseni za biashara na kodi ya ardhi. Sheria inasema angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Lakini fikiria vile bunge la kaunti hukaa: kila MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ana wodi yake na wapiga kura wake wanataka murram huko Kaptembwo, Rhonda, Bahati, Molo, na wako na haki. Katikati ya tao tunapita sisi wote na hakuna mtu analala huko. Gusii Road ama Mosque Road ikijaa maji, anayeumia ni mtu wa Njoro aliyekuja kununua vitu na dada anayeuza nguo pale kando, na hao wawili kura zao ziko kwingine kabisa. Hii kitu naona ndiyo inaumiza tao kuliko ufisadi wote watu wanaongelea.

Kwa hivyo mpango ndio unafaa kutangulia, na hapo kalenda ndiyo inashinda watu. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, kwa pesa itakayoanza kutumika Julai ya mwaka unaofuata. Februari wanaweka viwango vya kila idara, Aprili makadirio yanaletwa. Wananchi wengi hujitokeza kwa kikao cha maoni cha Aprili ama Mei, wanaongea vizuri sana, wanataja barabara yao kwa jina, na barabara yenyewe haikuwa kwa ile karatasi ya Septemba, sasa utaingiza wapi na viwango vimeshafungwa?

Sasa mtaro. Nakuru imekaa kwa mteremko, Menengai juu, ziwa chini, na tao iko katikati ya hiyo njia. Mvua ya Aprili ikinyesha maji yanateremka na ule udongo wetu wa volkano ambao unabebwa kirahisi sana, yanapita tao yakitafuta ziwa. Ukiweka kabro maridadi juu ya mtaro mdogo ama mtaro unaoishia ukutani, maji yatachimba ule mchanga chini ya kabro na zitaanza kuzama moja moja. Utaratibu ni mabomba na nyaya kwanza, kila mtu mwenye kitu chini ya ardhi aitwe mezani kabla ya mchoro kuisha, kisha mtaro mpaka mahali unamwaga, ndio uje kerbu, yaani kingo za barabara, kabro na taa. Nikipewa nichague, nachukua nusu ya urefu wa barabara ikiwa na mtaro kamili, niache hiyo nusu nyingine ingoje mwaka ujao. Wanasiasa hawapendi kusikia hivyo lakini ndivyo naamini.

Na kisichoandikwa kwa BQ, ile orodha ya kazi na bei zake kwa kandarasi, usitegemee kitaongezwa huko mbele. Sheria ya ununuzi ya 2015 inazuia mabadiliko yasipandishe bei ya kandarasi kupita asilimia 25, na mtaro uliosahaulika unaweza kumaliza hiyo yote peke yake. Hata unene wa kabro unaandikwa hapo: milimita 60 zinatosha watu wa miguu, lakini mahali lori linapanda kushusha mizigo unataka 80, na kwa tao yetu lori litapanda tu, labda uweke vizuizi.

Wachuuzi nao wachorewe nafasi yao. Acha mita mbili wazi za kupita, mtu wa wheelchair apishane na mama mwenye mtoto, kisha meza zikae nyuma ya hapo. Mchoro usiowaonyesha unaita askari wa kanjo kila asubuhi. Matatu pia, zilitolewa katikati ya tao 2020, zikarudi 2022 uongozi ulipobadilika, kwa hivyo mchoro unaofanya kazi tu zikiwa hazipo ni mchoro wa kipindi kimoja. Kisumu walikuwa na mpango wao wa usafiri wa 2020 uliotanguliza watu wa miguu, na Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, ilipofika Mei 2022 Oginga Odinga Street ilikuwa na njia pana za miguu. Walijua wanataka nini kabla wageni hawajakuja.

Kitu ningependa bodi yetu ifanye ni kutenga sehemu ya pesa ya pakingi ya tao, kiasi kinachojulikana, irudi kuzibua mitaro ya hapo hapo kila Februari kabla mvua. Na wewe kama uko na duka, vikao vya mpango wa mwaka huwa kabla ya Septemba: enda na jina la barabara, uliza mtaro wake unamwaga wapi na nani atauzibua, na usitoke kabla hilo jibu halijaandikwa kwa ripoti.