Beni na Tarumbeta: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Beni ni mambo ya Wazungu." Utalisikia neno hili kila matarumbeta yanapomsindikiza bwana harusi. Jina la beni, ngoma ya matarumbeta na gwaride, ni la Kiingereza (band), sawa, na magwanda na vyeo vya kijeshi vimeigwa. Lakini mwili wenyewe ni ngoma ya Pwani: mtaa kwa mtaa, chama kwa chama, nyimbo za vijembe, na karamu za kumtia mpinzani aibu. Mashindano hayo yalikuwako kabla ya beni. Kuanzia miaka ya 1890, huku Lamu na Mombasa, gwaride liliingizwa ndani yake. Mombasa ikapata vyama viwili pinzani, Kingi na Skochi, na wanawake wa lelemama, ngoma yao wenyewe, nao wakajigawia vyeo kwenye vyama vyao. Anayesema huko ni kuiga tu hajatazama kinachoshindaniwa.

Wengine husema beni ililetwa Pwani na askari kutoka bara. Ni kinyume chake. Vita vya 1914 hadi 1918, pamoja na askari na wapagazi wake, ndivyo vilivyoipeleka mbali: vyama vya Marini na Arinoti vikaenea Tanganyika, na huko Malawi ikazaliwa ngoma ya malipenga.

Hayo malipenga, kwa njia, yanaiangusha dhana ya tatu, kwamba bila shaba hakuna beni. Kule hutumia kibuyu kilichotobolewa na kuzibwa kwa utando wa buibui. Mtu huimba ndani yake, utando ukatetemeka, sauti ikatoka ya kukwaruza kama ya tarumbeta. Na saksafoni iliyong'aa katikati ya kundi? Imetengenezwa kwa shaba ya njano, lakini sauti yake hutoka kwenye kipande cha tete, kwa hiyo ni ndugu wa zumari. Hataza yake ilitolewa Paris mwaka 1846.

"Tarumbeta yataka kifua." Hili ndilo linaloharibu wanafunzi wengi. Sauti haitokani na nguvu ya pumzi, hutokana na midomo inayotetemeka. Anayesukuma kwa nguvu huikandamiza midomo kwenye chuma, damu haipiti, na baada ya nyimbo mbili tatu noti za juu hazitoki tena. Kaza pembe za mdomo, acha katikati pawe laini, toa pumzi nyingi bila kuibana. Jizoeze dakika kumi kisha pumzika kumi. Na yale maji yanayomwagwa chini si mate matupu: mengi ni mvuke wa pumzi uliogeuka maji ndani ya bomba.

Dhana ya mwisho ni ya usafi, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa ndiyo ya gharama zaidi: kwamba tarumbeta inayong'aa ni nzima. Dawa ya kung'arishia shaba hukwangua rangi ya juu, na chembe zake zikiingia kwenye pistoni, zile nguzo tatu zinazobonyezwa kwa vidole, hukwaruza. Kinachoua ni ndani. Ukiona vidoa vyekundu kwenye bomba linalofuata kipande cha kupulizia, zinki imeshaanza kutoka kwenye shaba, na kung'arisha hakuirudishi.

Ioshe kila mwezi kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Ya moto hubambua rangi. Kausha, kisha tia matone matatu au manne ya mafuta ya pistoni kwa kila moja. Mafuta ya nazi au ya kupikia yasikaribie: ni mazito, hushika vumbi, na baada ya muda hunata, pistoni ikashuka isipande. Unapozirudisha pistoni mahali pake, soma namba zilizochongwa, 1, 2 na 3. Ukibadilisha mbili tu, matundu hayakutani na bomba, hewa haipiti, na utapuliza mpaka macho yatoke.