Unururifu na dozi: kutoka bekereli hadi grei

Unururifu wa kitu hupimwa kwa bekereli, yaani idadi ya viini vya atomu vinavyovunjika ndani yake kila sekunde, ilhali dozi ya mionzi hupimwa kwa grei, ambayo ni jouli moja ya nishati iliyofyonzwa na kila kilo ya mwili. Bekereli hueleza chanzo, hata kama hakuna mtu karibu. Grei hueleza kilichomfika mtu. Kwa hiyo habari inayotaja bekereli pekee, hata zikiwa mabilioni, bado haijasema lolote kuhusu madhara.

Huko Goiânia, Brazili, Septemba 1987, waokota vyuma chakavu walichukua sehemu ya mashine ya kutibia saratani kutoka kwenye kliniki iliyohamwa. Ndani yake mlikuwa na sesiamu-137 yenye unururifu wa bekereli trilioni 50.9 hivi. Nje ya kinga yake, chanzo hicho kingempa mtu aliye umbali wa mita moja takriban grei 4.6 kwa saa, na dozi ya kiasi hicho mwili mzima huweza kuua. Akisogea hadi mita mbili angepata robo yake, kwa kuwa nguvu ya mionzi hupungua kwa mraba wa umbali, na hesabu ya bekereli ingebaki ileile. Ajabu ni kwamba nishati yenyewe ni kidogo mno, haitoshi kupandisha joto la mwili hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii. Madhara hutokana na kuvunjwa kwa molekuli za seli.

Aina ya chanzo nayo huamua. Kobalti-60 yenye bekereli hizohizo ingetoa dozi ya karibu mara nne, maana kila kiini chake kinapovunjika hutoa miali miwili mikali ya gama. Mionzi ya alfa huzuiwa na ngozi, lakini ndani ya mwili grei yake moja huhesabiwa kuwa sieverti 20, sieverti ikiwa kipimo cha dozi kinachozingatia madhara ya kila aina ya mionzi.

Wakazi wa Goiânia waliupaka mwilini unga wa sesiamu ile, uliong'aa kwa rangi ya buluu, na wengine wakaumeza pamoja na chakula. Hapo umbali haukuwa na maana tena; kilichohesabika ni muda ambao sesiamu ilikaa mwilini. Watu wanne walifariki, ilhali mmoja aliyekadiriwa kupata grei 7, zaidi ya waliokufa, alinusurika, na inaelezwa kuwa dozi yake ilimfikia kidogo kidogo.