Je, wajua kwa nini baridi yabisi hukaza vidole alfajiri?

Muulize mtu wa Lamu kwa nini bibi mwenye baridi yabisi huamka vidole vimekakamaa, hata kata ya maji ya udhu haishikiki. Atakwambia ni upepo wa kusi, au ni kule kufua na maji baridi. Chanzo kimo ndani ya kiungo chenyewe, nacho kina saa zake.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huushambulia utando laini unaozunguka kiungo. Chembe za kinga zikikusanyika pale hutoa saitokini, molekuli za kupashana habari, kama TNF na intalukini-6. Ni mbiu ya mgambo: ikilia, chembe nyingine huitika na kupiga zao, utando ukavimba, maji yakajaa. Ubaya ni kwamba adui hayupo, na mbiu haikomi.

Usiku intalukini-6 hupanda, ikafika kilele karibu na alfajiri. Kotisoli, homoni ya kutuliza uvimbe, huwa chini kabisa usiku wa manane, na hata ikipanda haimtoshi mgonjwa. Ndiyo maana vidole vilivyogoma kufunga asubuhi, saa nne hivi vinakuna nazi kwenye mbuzi. Jirani asiyejua humwita mama huyo mvivu, na kwa kweli hilo linaniuma.

Kinachonitisha zaidi ni vimeng'enya, protini zinazochapuza kazi za kikemia mwilini. TNF na intalukini-1 huzichochea chembe za utando zimwage vimeng'enya vinavyokata kolajeni, nyuzi zinazoipa uimara gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Gegedu ikishaliwa hairudi. Ibuprofeni, kidonge cha maumivu, huzuia kimeng'enya kingine, kile cha kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu. Maumivu hupoa, gegedu inaendelea kuliwa. Kwa hiyo mikono yote miwili ikikakamaa zaidi ya saa moja kila asubuhi kwa wiki kadhaa, usiishie dukani kununua vidonge, nenda hospitali. Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, hupunguza kasi ya uharibifu, ila humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumewahi kuua watu.

Mwaka 1992, jijini London, watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwapa wagonjwa dawa ya kingamwili, protini inayoinasa TNF na kuizuia isifanye kazi, na uvimbe ukashuka. Lakini TNF hiyo hiyo husaidia kuvidhibiti vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, hivyo mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya kuanzishiwa dawa hizo.